Mkate si Kibali cha Kunyamazisha Raia

Kila bajeti inapobana, swali hili hurudi bungeni, makanisani na kwenye vipindi vya asubuhi redioni: nchi ianze na kipi, haki za raia au uchumi imara? Wapo wanaoliuliza kwa moyo safi, nao wanastahili jibu. Lakini mwenye mamlaka anapoliuliza, aghalabu amekwisha kuchagua. Anachotaka ni raia akubali kunyamaza leo kwa ahadi ya mkate wa kesho. Msimamo wa gazeti hili ni kwamba hakuna afisa wa umma, awe waziri au konstebo, aliyepewa mamlaka ya kufanya biashara hiyo. Wakenya wameshaona mara zaidi ya moja kwamba anayenyamazishwa hanyimwi sauti tu. Na huo mkate hauoni.

Tuitazame kashfa ya Goldenberg. Kati ya 1990 na 1993 serikali ililipa kampuni moja fidia ya kuuza dhahabu na almasi ng’ambo, ilhali Kenya haikuwa na almasi ya kuuza na dhahabu yake ilikuwa haba. Sheria iliruhusu fidia ya asilimia 20 ya thamani ya mauzo. Kampuni hiyo ilipewa 35. Mabilioni yakatoka Benki Kuu, shilingi ikaporomoka, na mwaka 1993 mfumuko wa bei ukapita asilimia 40. Mshahara wa mwalimu uliliwa na bei ya unga.

Wizi wa kiwango hicho haukuanzia benki. Ulitanguliwa na miaka ambayo wenye kuuliza walikamatwa. Katiba iliruhusu chama kimoja pekee hadi kifungu cha 2A kilipofutwa Desemba 1991. Wabunge walikuwa wameingia kwa kura ya mlolongo ya 1988, ambapo mwenye foleni fupi aliweza kutangazwa mshindi. Katika vyumba vya chini vya Jumba la Nyayo, watu waliteswa kwa sababu ya maandishi na mawazo yao. Katika nchi ya namna hiyo, ni nani angesimama kuuliza almasi inachimbwa wapi?

Aliuliza karani. David Munyakei, mfanyakazi wa Benki Kuu, aliona malipo yasiyoeleweka, na nyaraka alizozitoa zikawafikia wabunge wa upinzani. Alikamatwa mwaka 1993 na kushtakiwa chini ya sheria ya siri za serikali. Kesi iliondolewa lakini kazi hakurudishiwa, na mwaka 2006 alifariki akiwa maskini. Wakubwa waliotia saini malipo yale walikuwa na vyeo, walinzi na viapo vya utumishi; aliyeilinda mali ya umma ni kijana wa ngazi ya chini ambaye sheria ilimwita mhalifu. Taifa linalomlipa hivyo mtumishi mwaminifu halina haki ya kushangaa hazina yake inapokuwa tupu.

Tutaambiwa kuhusu Singapore. Ni kweli, Lee Kuan Yew alijenga uchumi mkubwa huku akiwabana wapinzani wake. Lakini anayeitaja Singapore ana wajibu wa kuitaja pia Zaire, ambako Mobutu alitawala kwa mkono wa chuma tangu 1965 hadi 1997 akaacha nchi yenye utajiri wa shaba bila barabara. Ataje na Uganda ya 1972, pale Idi Amin alipowapa Waasia siku 90 waondoke, na viwanda na maduka yao yakagawiwa watu wasioweza kuyaendesha. Jirani zetu wameujaribu ukandamizaji kama njia ya maendeleo, na gharama yake tunaifahamu.

Sisi wenyewe tulipata somo zito zaidi. Mwaka 2007 uchumi wa Kenya ulikua kwa takriban asilimia 7. Wengi waliamini kuwa kasi hiyo ingeweza kustahimili lolote. Kisha Desemba kura za urais zikahesabiwa kwa namna ambayo mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi, Samuel Kivuitu, aliwaambia wanahabari siku chache baada ya kumtangaza mshindi kwamba hakujua kama kweli ameshinda. Zaidi ya watu 1,100 waliuawa na mamia ya maelfu wakahama makwao. Reli ya kwenda Uganda iling’olewa Kibera, mafuta yakaadimika Kampala, wafanyakazi wa mashamba ya maua wakaikimbia Naivasha. Mwaka 2008 ukuaji ulishuka chini ya asilimia 2. Haki iliyovunjwa ilikuwa moja tu, ya raia kuhesabiwa kura yake, nayo ikaangusha kazi ya miaka mitano.

Kwa hiyo hatukubali kuwa haki ni anasa ya walioshiba. Wala hatuwakubali wanaharakati wanaozungumzia uhuru kana kwamba njaa ni suala la idara nyingine. Ibara ya 43 ya Katiba ya 2010 inaweka chakula, maji safi, matibabu, makazi na elimu katika orodha ileile ya haki iliyo na uhuru wa kusema na wa kukusanyika. Wakenya walioipitisha hawakuacha nafasi ya kuchagua, na kiapo cha ofisi kinafunga pande zote mbili.

Hazina ya Kitaifa ndiyo yenye deni kubwa la wajibu. Mikataba ya reli ya SGR, reli iliyojengwa kwa mikopo ya China na kuzinduliwa 2017, ilifichwa kwa miaka. Mahakama Kuu ya Mombasa ililazimika mwaka 2022 kuagiza itolewe, na hata Novemba mwaka huo sehemu tu ya nyaraka ndiyo iliyowekwa hadharani. Ibara ya 35 inampa raia haki ya habari, na Ibara ya 201 inataka uwazi katika fedha za umma. Mlipa kodi asiyeonyeshwa mkataba anadaiwa asichokijua. Tanzania nayo ilifanya takwimu zinazopingana na za serikali kuwa kosa la jinai mwaka 2018, ikaiondoa adhabu hiyo mwaka uliofuata. Serikali inayoogopa hesabu ya raia haiwezi kuaminiwa hata kwa hesabu yake yenyewe.

Mswada wa Fedha wa 2024 ulitaka kukusanya shilingi bilioni 346 zaidi. Wananchi walihudhuria vikao vya maoni wakaukataa. Bunge likaupitisha Juni 25. Siku hiyo risasi zilifyatuliwa nje ya Bunge, na siku iliyofuata Rais akatangaza hatautia saini. Waliovunja maduka na kuchoma mali walikosea, na sheria iwashughulikie. Lakini Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ilihesabu takriban vifo 60 katika maandamano ya kipindi hicho, na hakuna nakisi ya bajeti inayohalalisha hata kimoja.

Hazina ichapishe mikataba yote ya mikopo kabla ya kuomba shilingi moja zaidi ya kodi. Wabunge waeleze kwa maandishi ni maoni gani ya umma waliyoyakataa, na kwa nini. Raia nao wausome mswada kabla ya kuupigia makofi au kuupinga. Na Huduma ya Polisi, ambayo Ibara ya 244 inaiagiza kuzingatia haki za binadamu, imkabidhi Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma majina ya maafisa waliofyatua risasi Juni 25 na ya makamanda waliotoa amri.