Msimamizi wa Ubatizo Hachaguliwi kwa Mfuko Wake

Neno nitakalolisema leo litawaudhi wengine, na baadhi yao ni rafiki zangu ambao nimekula nao karamu za ubatizo. Lakini mwalimu anyamazaye ili asifiwe hastahili kuitwa mwalimu. Nasema hivi: sisi Wakristo wa vijijini tumeigeuza kazi ya kusimamia ubatizo kuwa biashara, na wanaopata hasara ni watoto.

Tazameni tufanyavyo. Mtoto azaliwapo, baba haketi na mkewe kuulizana, "Ni nani katika kigango chetu asaliye, akaaye kwa amani nyumbani mwake, awezaye kumwonyesha mwanetu njia?" Huulizana, "Ni nani mwenye duka? Ni nani mwenye gari? Ni nani aliyepata cheo mjini?" Kisha hupelekwa mjumbe, na jogoo mkononi. Mtu yule huja Jumapili moja, hushika mshumaa, hupigwa picha, hutoa kitenge na fedha kidogo, hula, hurudi zake. Mtoto hamwoni tena mpaka siku ya harusi, maana siku hiyo mchango unatakiwa.

Mwaka mmoja nilikuwa nikiwafundisha watoto wanaojiandaa kwa Komunyo ya Kwanza. Nikawauliza majina ya wasimamizi wao. Wengi walitazamana. Mvulana mmoja akasimama akasema, "Baba yangu wa ubatizo ni yule wa kwenye picha ukutani." Nikamwuliza jina lake, hakulijua. Wenzake wakacheka, nami nikacheka pamoja nao.

Usiku kicheko kile kilinirudia. Mimi mwenyewe nina watoto wanne wa ubatizo, na mmoja wao sikuwa nimemwona tangu siku ile alipomwagiwa maji. Basi mimi nami ni mtu wa kwenye picha. Jumamosi nikaenda kumtafuta. Mama yake akanipokea kwa furaha, akanikaribisha kiti, na kabla sijanywa maji akasema, "Ahsante Mungu, Mwalimu, umeleta karo." Sikuwa na karo. Nilikuwa na rozari tu, na aibu. Hapo nikafahamu kwa nini miaka yote ile nilipita njia nyingine: niliogopa kwenda mikono mitupu. Na mama yule hakuwa na kosa kubwa kuliko langu, kwani ndivyo tulivyofundishana. Tumemfanya msimamizi kuwa mfuko, na mfuko usio na kitu hujificha.

Je, Kanisa linasemaje? Sheria za Kanisa za mwaka 1983, kanuni ya 872, zasema kwamba msimamizi, pamoja na wazazi, humleta mtoto kwenye ubatizo, na humsaidia kuishi maisha yapatanayo na ubatizo huo. Kanuni ya 873 yataka msimamizi mmoja tu, au mwanamume mmoja na mwanamke mmoja. Kanuni ya 874 yaeleza mtu wa namna gani: awe na nia na uwezo wa kuifanya kazi hiyo, awe ametimiza miaka 16, isipokuwa askofu ameweka umri mwingine, awe Mkatoliki aliyepata Kipaimara na Ekaristi, aishi kwa imani, asifungwe na adhabu ya Kanisa, wala asiwe baba au mama wa mtoto mwenyewe. Mkristo aliyebatizwa katika madhehebu mengine aweza kukubaliwa kuwa shahidi, pamoja na msimamizi Mkatoliki. Someni tena orodha hiyo, mnionyeshe mahali palipoandikwa duka.

Wala upotovu huu si mgeni. Zamani watu walikusanya wasimamizi wengi kwa ajili ya heshima na undugu, hata Mtaguso wa Trento, mwaka 1563, ukaamuru wasizidi wawili, mwanamume na mwanamke. Na huko Sicily, katika nchi ya Italia, jimbo la Catania liliona kazi hii imekuwa desturi tupu ya kujenga urafiki wa kidunia, na mwaka 2021 likaisimamisha kwa muda wa miaka mitatu. Watoto walibatizwa bila wasimamizi. Je, twangoja na sisi tufikishwe hapo?

Mwafrika mmoja, Tertullian wa Kartago, aliandika juu ya ubatizo yapata mwaka 200. Aliwaonea wasimamizi hofu, kwa kuwa wanaahidi jambo zito, nao waweza kufa kabla hawajalitimiza. Yeye aliogopa kifo kitawazuia. Sisi hatungoji kifo; twazuiwa na uvivu tungali hai.

Najua nitajibiwaje. Wa kwanza atasema, "Mwalimu, wewe wala mshahara. Mimi ni maskini. Nikipata mtu wa kumsomesha mwanangu, je, ni dhambi?" Ndugu yangu, umaskini wako naujua, kwa maana watoto wako nawafundisha, na daftari zao naziona. Kuomba msaada si dhambi. Nenda kwa mwenye duka mchana, umwombe kwa jina lake halisi, yaani msaada. Lakini usiupitishe ombi hilo mlangoni mwa sakramenti. Siku ya ubatizo padri huwauliza wasimamizi kama wako tayari kuwasaidia wazazi katika wajibu wao wa Kikristo, nao hujibu kwamba wako tayari. Ukimleta mtu ujuaye kwamba hana nia hiyo, umemwongoza kusema uwongo mbele ya Mungu, na mwanao mikononi mwake.

Wa pili atasema, "Nikimwacha tajiri nikamchagua bibi kizee wa jirani, watu watanicheka." Na wakucheke. Bibi yule humwona mwanao kila siku. Atajua kama anasali, ataona akianza kupotea, atamkemea akingali mdogo. Samaki mkunje angali mbichi. Atamkunjaje mtu akaaye mbali, asiyejua hata jina lake?

Sisemi kwamba tajiri hafai. Mwenye mali aliye mcha Mungu ni baraka, naye akipenda kulipa karo, tumshukuru. Nasema asichaguliwe kwa hilo.

Mkumbukeni Karoli Lwanga wa Uganda. Yeye mwenyewe alibatizwa Novemba 1885. Aliwafundisha dini vijana wa ikulu, akawakinga na matendo mabaya ya Kabaka Mwanga. Mei 1886, hatari ilipokaribia, aliwabatiza baadhi yao kwa mkono wake, na miongoni mwao alikuwa Kizito, kijana mdogo. Tarehe 3 Juni wakafa kwa ajili ya imani huko Namugongo, Lwanga pamoja na vijana wake. Yeye alikuwa mbatizaji wao, lakini twaona ndani yake ubaba wa imani ulivyo: hakuwaahidi mali, wala hakuwaacha.

Basi, nawasihi wazazi: kabla ya kumtuma mjumbe, jiulizeni kama mtu huyo atakuja nyumbani kwenu siku asiyoalikwa. Nanyi mnaoombwa, msione aibu kukataa. Kukataa leo ni heshima kuliko kukubali na kutoweka. Na ninyi mliokwisha kukubali, kama mimi, nendeni mkawatazame watoto wenu, hata kwa mikono mitupu.

Mimi sasa humtembelea mtoto yule kila mwezi. Karo bado sina. Lakini ajua jina langu, nami namsikiliza katekisimu yake.