Karani Akituletea Vocha, Nani Anamlinda?

Wenye hisa hupenda habari inayotangulia bei. Habari ya namna hiyo mara nyingi huanza na karani mmoja wa hesabu aliyeona vocha isiyo halali, akaamua kusema. Je, akituambia sisi waandishi, sheria inamlinda?

Wengi wetu hujibu haraka kwamba ipo sheria. Nakiri kuwa hata mimi, na shahada yangu ya biashara, niliwahi kumwambia mtu asiwe na wasiwasi kabla sijaisoma. Ni kweli ipo Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya mwaka 2015. Lakini inamlinda anayepeleka taarifa kwa mamlaka husika, kwa nia njema na kwa sababu za msingi za kuiamini. Gazeti si mamlaka hiyo. Uganda nayo, kwa sheria yake ya 2010, inataka taarifa ziende kwa maofisa walioidhinishwa. Afrika Kusini, katika sheria ya mwaka 2000, iliacha nafasi kwa vyombo vya habari, ingawa kwa masharti makali.

Gharama ya kukosa kinga inajulikana. David Munyakei, karani wa Benki Kuu ya Kenya, alitoa nyaraka zilizosaidia kufichua kashfa ya Goldenberg, ambamo serikali ililipa fidia kwa mauzo hewa ya dhahabu na almasi. Mwaka 1993 alikamatwa, kisha akapoteza kazi. Alifariki mwaka 2006 akiwa fukara.

Kwa hiyo, mwandishi anayepokea bahasha ana deni. Kwanza amweleze mleta habari bayana sheria inaishia wapi. Pili, amshauri apeleke taarifa kwa mamlaka kabla ya kuja gazetini. Tatu, jina lake lisitoke hata kwa mhariri asiyehusika. Ahadi tusiyoweza kuitimiza ni sawa na hundi isiyo na fedha benki.

Mfanyabiashara asidhani hili ni la waandishi peke yao. Karani akiogopa, hesabu zilizopikwa huendelea kupendeza, gawio hutangazwa, na wakubwa huuza mapema. Mwenye hisa mia mbili hujua mwisho. Wabunge waipanue sheria ifike gazetini, kwa masharti. Kabla ya hapo, waandishi tuisome iliyopo.