Lenzi ya kisasa isikucheleweshe kutibiwa mtoto wa jicho

Zamani wagonjwa wa macho kutoka Kariakoo, Gerezani na Ilala walikuwa wakiuliza kama upasuaji wa mtoto wa jicho unauma. Siku hizi wengi huuliza jingine: "Daktari, mtaniwekea ile lenzi inayokuja tayari ndani ya bomba lake?" Wameisikia kwa jirani au wameiona kwenye simu. Wapo wanaoahirisha upasuaji miezi kadhaa wakidunduliza fedha za kuilipia. Hapo ndipo ninapotofautiana nao.

Mtoto wa jicho ni ukungu unaotanda kwenye lenzi ya asili iliyo nyuma ya mboni. Hakuna kidonge wala dawa ya matone inayouondoa. Tiba ni kuitoa lenzi hiyo na kuweka ya bandia, kazi aliyoianzisha Harold Ridley jijini London mwaka 1949. Lenzi za mwanzo zilikuwa za plastiki ngumu, na hadi leo aina hiyo huhitaji tundu la takriban milimita 6. Baadaye zikaja laini zinazokunjwa, ambazo hupita kwenye tundu la milimita 2 hadi 3.

Kwa utaratibu wa kawaida, lenzi laini hutolewa kwenye pakiti kwa kikoleo, hupangwa kwenye kifaa mfano wa bomba la sindano, kisha daktari huisukuma ndani ya jicho. Katika kushikwashikwa huko inaweza kukwaruzwa, kunasa uchafu, au kuingia ikiwa imepinduka. Mfumo mpya unapunguza hatari hiyo. Kiwanda chenyewe huiweka lenzi ndani ya bomba na kuifunga ikiwa haina vijidudu. Bomba hutumika mara moja na kutupwa. Muda unaokolewa na makosa yanapungua. Ni hatua nzuri, na palipo na uwezo itumike.

Lakini bomba halimpi mtu macho. Kinachoamua kwanza ni kipimo cha jicho kabla ya upasuaji. Ukikosea urefu wa jicho kwa milimita 1 tu, lenzi utakayochagua itakosea kwa takriban dayopta 2.5, na mgonjwa atahitaji miwani mizito hata kama lenzi yake ni ya gharama kubwa kuliko zote. Cha pili ni usafi. Vijidudu vingi vinavyoleta maambukizi baada ya upasuaji hutoka kwenye kope na ngozi ya mgonjwa mwenyewe, ndiyo maana jicho husafishwa kwa dawa ya ayodini kabla ya kuguswa. Cha tatu ni mkono wa daktari, na cha nne ni mgonjwa kutumia dawa na kurudi kliniki.

Kariakoo tumezoea kuuliza, "Hii ni original au kopi?" na kuamini kwamba chenye bei ya juu ndicho kinachodumu. Kwa lenzi kanuni hiyo haitufai. Lenzi ngumu ya bei nafuu, ikiwekwa na daktari mzoefu kupitia tundu linalojifunga bila nyuzi, imewarudishia uwezo wa kuona watu wengi sana Afrika na Asia. Kusubiri nako kuna gharama. Mtoto wa jicho akikomaa sana upasuaji huwa mgumu zaidi, na shinikizo la jicho linaweza kupanda na kuharibu mshipa wa kuonea. Fundi cherehani ameshindwa kutunga uzi. Mama muuza vitenge Mtaa wa Kongo anapapasa noti asijue ni ya elfu tano au elfu kumi. Huyo asisubiri bomba.

Kwa wazazi, jambo hili ni la haraka zaidi. Ukiona weupe kwenye mboni ya mtoto, hata kwenye picha ya simu tu, mpeleke hospitali yenye daktari bingwa wa macho, kama Muhimbili au CCBRT, ndani ya siku chache. Ubongo wa mtoto hujifunza kuona mapema, na jicho lililozibwa kwa muda mrefu linaweza kubaki na uoni hafifu hata baada ya upasuaji. Weupe huo pia unaweza kuwa saratani ya jicho. Kwa watoto wachanga, mara nyingine daktari haweki lenzi kwanza bali huwapa miwani, kwa kuwa jicho bado linakua. Usidhani umepunjwa.

Hospitali nazo zina wajibu. Bei ya lenzi iandikwe peke yake, mbali na ya upasuaji, ili mgonjwa ajue anacholipia. Lebo ya lenzi, yenye aina, nguvu na namba yake, ibandikwe kwenye kadi yake.

Nawe uliza: Jicho langu limepimwa kwa mashine? Lenzi ya nguvu yangu ipo? Ya bei nafuu ikiwekwa, nitapoteza nini? Bima yangu inalipia ipi? Nirudi lini?

Ukijibiwa vizuri na fedha zikatosha, chukua lenzi ya kwenye bomba. Zisipotosha, chukua iliyopo na ufanyiwe upasuaji mapema.