Jirani Si Gugu

Imekuwa desturi miongoni mwetu kusema kwamba tabia ya mtu imo katika damu yake: fulani ni mwizi kwa kuwa babu zake walitoka ng'ambo ile, na watu wa namna hiyo ni magugu, dawa yao ni kung'olewa. Usemi huo ni uongo, na hata magugu yenyewe yanaukanusha.

Litazameni gugu-maji, ambalo wasafiri wa mto wetu huliita Kongo ya Sika. Kwao ni Amerika ya Kusini, katika bonde la Amazon, na huko wapo wadudu walao majani yake na kulizuia. Watu walilileta Afrika kwa ajili ya uzuri wa ua lake, wakawaacha wadudu. Katika miaka ya 1950 likatanda juu ya mto Kongo hata likasumbua meli. Asili yake haikubadilika. Kilichobadilika ni mahali.

Na sambaza je? Nao ni wageni! Walitolewa ziwa Tanganyika, wakatiwa ziwa Kivu mwaka 1959, na leo wenyeji wa Bukavu na Goma huwala bila kuwauliza ukoo wao.

Ikiwa asili haitoshi kueleza mwenendo wa jani na samaki, visivyo na dhamiri, itatoshaje kumhukumu mtu, ambaye hulelewa, hufundishwa, huchagua, hutubu? Amwitaye jirani yake gugu hasemi habari za tabia hata kidogo; anatafuta ruhusa ya kushika panga. Nasi tunaoucheka mzaha huo baada ya misa, tunampa.