"Mazingira Tulivu": Wanachouza Mlingotini ni Subira Yetu

Wiki tatu zilizopita jamaa yangu wa Tegeta alinirushia tangazo WhatsApp. Anajua natafuta kiwanja, hakuuliza mara mbili. Picha nne: minazi, mchanga, maji ya bluu, hakuna mtu. Chini imeandikwa kwamba kiwanja kinauzwa Bagamoyo, hatua chache toka ufukweni, mazingira tulivu, kinafaa kwa nyumba ya mapumziko au ya kustaafia. Bei ipo kwa dola. Kanuni za mwaka 2025 zimekataza kutangaza bei ya ndani kwa fedha za kigeni, lakini nani anajali?

Nikaikuza picha ya tatu. Nyuma ya minazi kuna mwembe umeinamia upande wa bahari. Mwembe ule naujua. Nilianguka pale nikiwa darasa la nne, kovu ninalo mpaka leo. Lile ni shamba la babu yangu mdogo, Mlingotini.

Wenzangu vijana wa chama, leo sitaki kuongelea tume ya uchaguzi wala nani kahama kambi. Nataka tuongelee hili, kwa sababu huu ni upinzani wa kweli na sisi tumelala.

Nianze na ukweli unaoniuma. Babu aliuza mwenyewe. Hakuna aliyemnyang'anya. Mwaka 2007 bibi aliumwa, hela hakuna, dalali akaja na mtu kutoka mjini. Ekari moja kwa milioni moja na nusu. Karatasi ya daftari, mashahidi wawili, dole gumba. Hakuna mkutano uliokaa. Bibi akatibiwa, akaishi miaka minne zaidi. Mimi siwezi kumlaumu babu, na ole wake atakayemlaumu mbele yangu. Lakini ekari ile imeuzwa tena na tena, leo imekatwa vipande, na kipande kimoja kinatangazwa kwa bei ambayo mimi mwenye mshahara Dar, ninayelipa kodi ya chumba kimoja, siifikii hata nikiweka akiba miaka ishirini. Ndiyo maana nasema: mjukuu wa Mlingotini hawezi kununua nyumbani kwake Mlingotini.

Jumamosi iliyofuata nikapanda gari mpaka kwetu. Nikamkuta shangazi anaanika mwani.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Umekuja kuniona au umekuja na yale mambo yenu ya siasa?"

Nikamwambia vyote. Nikamwonyesha tangazo. Akaitazama simu kwa muda, akairudisha.

"Hapo pazuri," akasema. "Ila hawajapiga picha ukuta."

Ukuta upi? Akanipeleka. Zamani njia ya kwenda kwenye mwani ilipita katikati ya mashamba, dakika tano umefika majini. Sasa kuna ukuta, baada ya ukuta kuna uzio wa michongoma, baada ya uzio kuna geti na mlinzi. Wanawake wanazunguka mpaka mbali. Asiyelima mwani ataona ni jambo dogo. Mwani unafanyiwa kazi maji ya bamvua yakiwa yametoka. Saa zile ni chache, na bahari haimsubiri mtu. Ukipoteza nusu saa kwenda na nusu saa kurudi na gunia lililolowa kichwani, umepoteza kazi ya siku. Hapo bado maji yamepata joto, ule mwani wenye bei nzuri unaoza kwenye kamba, na wengine wameshaanza kusogea kwenye kina kirefu wakati hata kuogelea hawajui.

Hivi sheria inasemaje? Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli yoyote ya kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufuko wa bahari. Mita sitini! Nilihesabu hatua zangu kutoka alama ya maji makuu mpaka ukutani. Sikufika arobaini.

Sasa tuje kwenye neno "tulivu", maana ndilo linalouzwa.

Utulivu wa Mlingotini haukuletwa na Mungu peke yake. Machi 2013, Rais Xi Jinping alipokuja nchini, tukaambiwa inakuja bandari kubwa pale Mbegani na ukanda maalumu wa uchumi, mradi wa dola bilioni 10. Oktoba 2015 Rais Kikwete akaweka jiwe la msingi. Januari 2016 mradi ukasimamishwa. Mwaka 2019 Rais Magufuli akasema hadharani kwamba masharti yake hayakubaliki. Juni 2021 Rais Samia akatangaza kwamba mazungumzo yanafufuliwa. Hesabu mwenyewe ni miaka mingapi hiyo. Mtoto aliyezaliwa jiwe la msingi likiwekwa sasa anasoma shule ya msingi.

Na watu wa Pande, Mlingotini na jirani zao muda wote huo wanafanya nini? Wanasubiri. Kila aliyewahi kufanyiwa tathmini ya fidia anaijua habari hii: ukishahesabiwa, chumba utakachoongeza kesho hakilipwi. Kwa hiyo huongezi. Bati likitoboka unaweka nailoni. Minazi mipya hupandi. Kijana anataka kuoa, baba anamwambia subiri tujue bandari inaendaje. Malalamiko ya fidia kutoka kule yamesikika miaka nenda rudi, mpaka yamekuwa kama wimbo wa redioni, hakuna anayesikiliza tena.

Matokeo yake ni kijiji kimya. Hakuna ujenzi, hakuna kelele, vijana wameondoka. Halafu anakuja mwenye hela, anaona minazi na nyumba kuukuu za udongo, anasema: pazuri, patulivu. Anachokinunua pale ni subira yetu. Sisi tumesimamishwa, yeye amepumzika.

Najua majibu yatakayokuja, acha niyapokee mapema.

La kwanza: "Nyie mnachukia wageni." Hapana. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, kifungu cha 20, haimruhusu asiye raia kumilikishwa ardhi isipokuwa kwa uwekezaji, na hata hapo anapitia mamlaka ya uwekezaji. Kampuni ambayo hisa zake nyingi ni za wageni nayo inahesabika mgeni. Nyumba ya kustaafia si uwekezaji. Mgeni anayefuata utaratibu huo sina ugomvi naye, tutakunywa madafu pamoja. Ugomvi wangu ni na Mtanzania anayemwazima jina. Wapo: wanasaini, wanapokea chao, wanakaa pembeni. Julai 2025 serikali iliwapiga marufuku wasio raia kufanya biashara 15, zikiwemo kutengeneza simu na udalali wa nyumba. Makofi yakapigwa. Haya, fundi simu mgeni ameondoka Kariakoo. Na yule mwenye ufukwe kwa jina la kuazima, nani amemgusa? Tena tuseme ukweli, wanunuzi wengi wa pwani yetu si Wazungu. Ni wakubwa wetu wenyewe.

La pili: "Dunia nzima ndivyo ilivyo, pwani ni ya matajiri." Uongo. Huko Bahari ya Mediterania, ambako Wazungu wanahamia visiwani kutafuta utulivu huo huo, wenyeji wamegoma. Mwaka 2024 maelfu waliandamana Palma, kisiwa cha Mallorca, wakisema kisiwa chao hakiuzwi, kwa sababu walimu na wahudumu wa hospitali wanakosa pa kupanga. Ugiriki mwaka huo huo ikapandisha kiwango cha kupata ukaazi kwa kununua nyumba mpaka euro 800,000 kwa Athens na visiwa vikubwa. Hispania ikaifuta kabisa viza ya namna hiyo Aprili 2025. Hizo ni nchi zenye hela kuliko sisi, na bado zimeona kwamba nyumba ya mtu ikiwa bidhaa ya mapumziko, mwenyeji anabaki nje. Zanzibar wenzetu wanakwenda upande mwingine: wanamuuzia mgeni nyumba kwenye miradi maalumu, na kuanzia dola 100,000 anapata kibali cha ukaazi. Unaweza kulipinga hilo, mimi nina mashaka nalo, lakini angalau limeandikwa na linaonekana. Huku bara mambo yanapitia gizani.

La tatu ndilo gumu: "Mliuza wenyewe." Ndiyo, tuliuza. Ila Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 haikumwachia maskini mwenye mgonjwa apambane na dalali peke yake. Ardhi ya kijiji ikienda kwa mtu asiye mwanakijiji, lazima idhini ya halmashauri ya kijiji iwepo. Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kukaa kila baada ya miezi mitatu, na mapato na matumizi yasomwe. Ulinzi ule uliwekwa kwa ajili ya siku kama ile ya babu. Haukutumika. Nani alikuwa na kazi ya kuusimamia? Chama kile kile kilichoshika kila kiti toka kitongoji mpaka juu tangu sijazaliwa. Huwezi kushika funguo zote za nyumba halafu mwizi akiingia unamlaumu mtoto aliyelala.

Basi tunataka nini? Nimekaa na vijana wenzangu kwetu, tumeandika manne.

Kwanza, daftari la ardhi ya ufukweni libandikwe ukutani: kila kiwanja, mmiliki, mwaka, na muhtasari wa kikao kilichoridhia. Kama hakuna muhtasari, tujue hakuna.

Pili, mita 60 zipimwe upya mbele ya wananchi, na njia za kwenda baharini, sehemu za kuanika mwani na madiko ya wavuvi viwekwe kwenye ramani. Ukuta uliozidi utoke, hata kama ni wa waziri.

Tatu, fidia. Sheria ya Uthamini ya mwaka 2016 inasema tathmini isiyolipwa ndani ya miaka miwili imekufa, na malipo yakichelewa zaidi ya miezi sita riba inaanza kuhesabiwa. Alipwe anayedai, kwa bei ya leo. Asiyehitajika tena kwenye mradi aandikiwe barua kwamba yuko huru, aezeke nyumba yake.

Nne, kila kijiji cha pwani kitenge viwanja kwa vijana wake kabla ya kumuuzia mtu wa nje hata futi moja.

Na hapa nawageukia wa kwetu. Kama kuna kiongozi wa chama chetu ana kiwanja ufukweni, atangulie yeye kuweka karatasi zake hadharani. Akikataa, tusimame wote tumuulize. Hatuwezi kwenda kwa shangazi zangu kuomba kura tukiwa tumeegesha gari nyuma ya ukuta ule ule.

Kazi ya mwezi huu ni ndogo. Wewe uliye Mlingotini, Kondo, Kaole, Zinga, Mbweni, Kunduchi, popote pwani: ulizia mkutano mkuu wa kijiji au mtaa wako utakaa lini. Nenda. Kaa mbele. Omba daftari la ardhi. Wakikwambia halipo, andika tarehe na jina la aliyekujibu, tuletee.

Wakati naaga, shangazi aliniuliza kile kiwanja nitanunua au vipi. Nikamwambia bei. Alicheka mpaka akakaa chini.

"Babu yako angekuwa hai," akasema, "angekuuliza kwa nini unataka kulipia mwembe uliouangukia bure."

Sina jibu. Mkutano wa kijiji chetu ni Jumapili ijayo, saa nne asubuhi. Mi nitakuwepo.