Njia za Mkato Si Mali ya QWERTY Peke Yake

Anayeshinda kwenye kompyuta hutegemea njia za mkato za kibodi kuliko anavyotambua: Ctrl na C kunakili, Ctrl na Z kutendua, na nyingine ambazo vidole vimekwisha kuzizoea. Lakini wasanidi wengi huzipanga kwa kutazama kibodi iliyo mezani kwao tu. Mwenye kibodi tofauti, au asiyeona skrini, anaachiwa ahangaike. Hoja za kutetea hali hii husikika kila mara, na hakuna hata moja inayosimama.

Dai la kwanza: "Kwetu kila mtu anatumia QWERTY."

Kwa Dar es Salaam na Nairobi, ni kweli kwa kiasi kikubwa. Lakini Kiswahili hakiishii hapo. Lubumbashi, Goma na Bujumbura, ambako kazi za ofisi hufanywa kwa Kifaransa, AZERTY ni jambo la kawaida. Humo A imekaa mahali pa Q, Z mahali pa W, na kitufe cha 4 kikibonyezwa bila Shift hutoa ritifaa, ileile tunayoihitaji katika ng'ombe na ng'ambo. Mzungumzaji wa Kiswahili aliyeko Muscat ana herufi za Kiarabu kwenye vitufe vyake. Aliyeko Berlin ana QWERTZ, ambamo Z na Y zimebadilishana nafasi. Hawa wote ni watumiaji wa programu za Kiswahili.

Dai la pili: "Basi programu isome mahali kitufe kilipo, si herufi."

Kila kitufe kinapobonyezwa, kivinjari humpa msanidi taarifa mbili: herufi iliyotoka na mahali kitufe kilipo. Mahali panafaa kwenye michezo. W, A, S na D huchaguliwa kwa jinsi zinavyokaa chini ya vidole, na mwenye AZERTY hupata mkao uleule kwa Z, Q, S na D. Amri inayojulikana kwa herufi yake ni jambo jingine. Mwambie mtu wa AZERTY abonyeze Ctrl na Z: programu inayosoma mahali itaona W, na haitatendua chochote. Akijaribu pale ambapo Z hukaa kwenye QWERTY, atakuwa amebonyeza Ctrl na W, na kivinjari kitafunga kichupo kizima pamoja na kazi ambayo hajaihifadhi.

Dai la tatu: "Basi isome herufi peke yake."

Nako kuna kukwama. Kwenye mpangilio wa Kiarabu, kitufe cha C hutoa ؤ, na programu inayongoja c haitaipata kamwe. Alama zinasumbua zaidi. Tovuti nyingi hufungua sehemu ya kutafuta kwa mkwaju (/). Kwenye kibodi ya Kijerumani mkwaju ni Shift na 7, na mabano ya mraba hayapatikani bila AltGr, kitufe cha Alt cha upande wa kulia. Mwenye AZERTY ya Ufaransa akibonyeza kitufe cha 1 hupata &. Kanuni inayofaa ni hii: soma herufi kwanza, ikiwa si ya Kilatini, rudi kwenye mahali pa kitufe, amri za tarakimu zifuate mahali, na amri muhimu isitegemee alama.

Dai la nne: "Ctrl na Alt kwa pamoja hazigongani na kitu."

Windows huihesabu AltGr kuwa sawa na Ctrl na Alt zilizobonyezwa pamoja, na kwenye kibodi ya Kipolandi AltGr na S huandika ś. Mwaka 2015 Marcin Wichary, mbunifu wa Medium, alieleza yaliyoipata tovuti hiyo. Kwa kuwa Medium huhifadhi maandishi yenyewe, ilizuia Ctrl na S ili kivinjari kisifungue dirisha la kuhifadhi. Zuio hilo dogo lilinasa AltGr na S pia, likawanyima Wapolandi herufi ya alfabeti yao.

Dai la tano: "Programu ikiwa ya Kiswahili, herufi za amri nazo ziwe za Kiswahili."

Nia ni njema, lakini Word ya Kihispania inatuonyesha matokeo. Humo Ctrl na G huhifadhi, Ctrl na N hukoleza maandishi, na Ctrl na S hupiga mstari chini ya maneno. Anayehama kati ya Kiingereza na Kihispania hutaka kuhifadhi, akaishia kupiga mstari. Kwetu, ambako mtu huyohuyo hutumia lugha mbili au tatu kwa siku, adha hiyo ingekuwa ya kila saa. Kiswahili kiende kwenye menyu, kwenye orodha ya njia za mkato na kwenye maelezo ya msaada. Herufi zilizozoeleka ziachwe zilipo.

Dai la sita: "Hiyo ni anasa, kipanya kipo."

Kwa asiyeona, kipanya hakina msaada. Akitumia NVDA, kisoma skrini cha bure, H humpeleka kwenye kichwa kinachofuata na K kwenye kiungo. Tovuti inayoifanya H kuwa amri yake inagombania kitufe ambacho yeye anakihitaji ili asome. Anayeiamuru kompyuta kwa sauti naye huumia: neno moja likipokelewa nje ya sehemu ya kuandikia, kila herufi yake inaweza kuwa amri. Ndiyo maana WCAG 2.1, mwongozo wa ufikivu wa mwaka 2018 kutoka W3C, shirika la viwango vya wavuti, unataka njia ya mkato ya herufi moja iweze kuzimwa, au kubadilishwa, au ifanye kazi pale tu sehemu husika inapokuwa imechaguliwa. Sharti hilo lipo kwenye ngazi A, ngazi ya chini kabisa. Ni wajibu wa mwanzo, si pambo.

Dai la saba: "Hatuwezi kununua kibodi zote ili tujaribu."

Hakuna haja ya kununua. Windows, macOS na Linux zina mipangilio ya AZERTY, QWERTZ na Kiarabu ndani yake. Iwashe mmoja mmoja, jaribu kila amri, kisha rudia huku kisoma skrini kikiwa kimewashwa. Mwisho, mpe mtumiaji ukurasa wa kubadilisha njia za mkato, kama Visual Studio Code inavyofanya, kwa sababu hakuna msanidi atakayebashiri kila kibodi na kila mkono. Programu inayotangazwa kuwa ya wazungumzaji wote wa Kiswahili isitolewe kabla ya kupita majaribio hayo.