Likizo isiwasahaulishe watoto wetu kusoma

Shule zinapofungwa mwezi Juni, katika vijiji vingi vya Dodoma mtama na karanga huwa tayari shambani, na mtoto wa darasa la kwanza au la pili hukabidhiwa kazi yake: kuchunga mbuzi, kuanika nafaka, au kubeba mdogo wake mgongoni. Hatulaumu jambo hilo, kwani kazi nayo ni elimu. Linalosikitisha ni kwamba tangu siku ya kufunga shule hadi siku ya kufungua, daftari hubaki limetundikwa ukutani, na mtoto aliyeanza kuunganisha silabi hurejea darasani akiwa amezisahau.

Jambo hili si dogo. Mwaka 2010, Uwezo walipowapima watoto majumbani nchini, walikuta kwamba walio wengi katika darasa la tatu hawakuweza kusoma hadithi ya Kiswahili ya kiwango cha darasa la pili. Tangu mwaka 2015 Serikali imetilia mkazo Kusoma, Kuandika na Kuhesabu katika madarasa mawili ya mwanzo. Lakini afikapo darasa la tatu, mtoto hutakiwa asome ili ajifunze mengine. Asiyejua huketi kimya nyuma ya darasa, na siku moja huacha shule. Mzigo huu ni mzito zaidi kwa watoto wa Kondoa, Chemba na Chamwino waliokulia katika Kirangi, Kisandawe au Kigogo.

Baadhi ya wazazi husema, "Mwanangu yuko madrasa, anasoma." Ni vyema, lakini tupambanue kati ya kuhifadhi na kusoma. Mtoto aweza kukariri ukurasa mzima bila kutambua neno hata moja. Kumjaribu ni rahisi: onesha kwa kidole neno lililo katikati ya ukurasa. Akilazimika kuanzia mwanzo ili alifikie, basi amekariri.

Robo saa kila siku baada ya Magharibi yatosha. Mtoto asome kwa sauti, mzazi asikilize. Akikwama, asaidiwe kuligawa neno, ku-vu-na, wala asikemewe. Akimaliza, aulizwe alichokielewa, na aruhusiwe kujibu kwa lugha ya nyumbani. Pasipo kitabu, yapo maandishi ya kanga ya mama, mfuko wa chumvi, na gazeti lililofungiwa maandazi. Mzazi asiyejua kusoma naye asijitoe: akae, asikilize na kuuliza, na dada wa darasa la sita atasahihisha. Walio mjini wawapeleke watoto maktaba ya mkoa.

Ndugu zetu, tukumbuke kwamba baada ya vita vya Badr, mwaka wa 2 Hijria, mateka waliojua kuandika na wasio na mali ya kujikomboa walipewa fidia ya kuwafundisha watoto wa Madina, kila mmoja watoto kumi. Ikiwa adui aliyeshindwa vitani alikubaliwa kuwa mwalimu, sisi tuna udhuru gani? Tunaziomba kamati za misikiti ziwaite vijana wa sekondari walio likizo, na kila mmoja akabidhiwe watoto watano hadi shule zifunguliwe.

Mwenyezi Mungu atuwezeshe kuitunza amana hii. Amin.